Nani Alilipa Furaha ya Roma? Michezo, Sikukuu na Musiki katika Mji wa Mapapa

Mtu anayesoma historia ya Eklezia katika seminari hukutana na mitaguso, na mapapa, na wazushi, na vita vya wafalme. Ni mara haba akutane na ngoma. Walakini watu wa Roma, waliokaa siku zote karibu na kaburi la Mtakatifu Petro, walikuwa watu wa kupenda mchezo kupita wengi. Walicheza mbele ya Kwarezima, waliimba ndani ya Kwarezima, na Pasaka ilipofika walianza tena. Mapapa wengine waliwakataza, wengine waliwaacha, wengine walicheka pamoja nao toka dirishani. Na mmoja aliwaandikia michezo ya teatro kwa mkono wake mwenyewe, miaka mingi mbele ya kuwa Papa.

Sisi nasi tunajua maswali ya namna hii. Sikukuu ikikaribia, mkatekista anakuja kumwuliza padri: ngoma hii ikubaliwe ao ikatazwe? Wengi wetu tunajibu kwa kutazama ngoma yenyewe: miguu, nguo, pombe, saa za usiku. Ni vizuri kutazama hayo. Lakini historia ya Roma inatuonyesha swali lingine, na mimi naona lingefaa kuulizwa kwanza: ni nani anayelipa furaha hii? Sisemi juu ya franka. Nasema juu ya mtu anayetolewa mbele ya umati ili wengine wacheke, na juu ya mtu anayeumizwa ili wengine wasikie utamu.

Tuanze na Ijumaa Kuu. Katika Roma kulikuwa na chama cha wakristu walei kilichoitwa Gonfalone, maana yake bendera. Karibu na mwaka 1490 chama hiki kilianza kuonyesha Mateso ya Bwana ndani ya Koloseo, ule uwanja mkubwa wa mawe ambamo Waroma wapagani walitazama watu wakiuana na kuraruliwa na wanyama. Wakristu walileta mbao, wakajenga jukwaa, mafundi wakavaa mavazi ya Pilato na ya askari, umati ukakaa juu ya magofu na kulia. Hapana shaka wengi walisali kweli. Nani angekataza mchezo kama huu? Hauna pombe, hauna matusi, maneno yake yametoka katika Injili.

Lakini tazameni yaliyofuata. Watu waliotoka pale wakiwa na moyo wa moto hawakurudi wote nyumbani kwa kimya. Wengine walikwenda kuwapiga Wayahudi wa mji kwa mawe. Mwaka wa 1539 Papa Paulo III alisimamisha mchezo ule. Ni jambo la kuwaza sana: mchezo mtakatifu kuliko yote ya Roma ulisimamishwa, si kwa ajili ya yaliyoonekana jukwaani, bali kwa ajili ya mawe yaliyorushwa njiani. Watu wa Gonfalone baadaye walikuwa na ukumbi wao wa sala, wakawaita wachoraji wachore Mateso yale yale juu ya kuta zake. Kazi ile ilifanywa kuanzia mwaka 1569 hivi, na mtu anaweza kuiona hata leo. Mateso ya ukutani hayakumtuma mtu kuokota jiwe.

Mchezo wa pili ni Karnavali, yaani siku za furaha mbele ya Jumatano ya Majivu. Karnavali ya Roma ilikuwa na mizizi ya zamani, ila Papa mmoja aliipa nafasi kubwa. Paulo II, mtu wa Venezia, alichaguliwa mwaka wa 1464. Alikuwa amejijengea jumba kubwa karibu na kilima cha Campidoglio, ndilo linaloitwa leo Palazzo Venezia. Mwaka wa 1466 aliamuru mbio za Karnavali zifanywe katika njia ndefu iliyonyoka ambayo inafika mpaka chini ya jumba lile. Njia iliitwa Via Lata. Kwa sababu ya mbio watu waliibadili jina wakaiita Corso, na mgeni anayekwenda leo kununua viatu katika Via del Corso hajui kama miguu yake inafuata nyayo za farasi na punda wa Karnavali.

Walikimbia vijana, walikimbia wazee, walikimbia punda na nyati wa kufugwa, na farasi wasiokuwa na mpandaji. Na walikimbia Wayahudi. Mwanzoni mbio zao zilikuwa karibu sawa na za wengine, na mshindi alipewa pallio, kitambaa cha bei kubwa. Lakini kadiri miaka ilivyopita, zaidi kisha Papa Paulo IV kuwafungia Wayahudi ndani ya kuta za ghetto mwaka wa 1555, mbio zile ziligeuka kuwa dhihaka tupu. Mfaransa Montaigne alikuwa Roma wakati wa Karnavali ya 1581, akaandika katika daftari lake la safari kwamba aliona mara watoto, mara Wayahudi, mara wazee walio uchi, wakikimbizwa katika Corso. Umati uliwapigia kelele na kuwarushia takataka. Ndiyo ilikuwa furaha ya mji.

Basi, katika mji huo, na wakati huo huo, alikaa padri mmoja aliyependa kucheka kuliko wengine wote. Jina lake Filipo Neri.

Alizaliwa Firenze tarehe 21 mwezi wa saba 1515. Alifika Roma akiwa kijana wa miaka karibu ishirini, akafundisha watoto wa mtu mmoja wa Firenze ili apate mkate na mahali pa kulala. Hakuharakisha kuwa padri. Alipewa upadri mwaka wa 1551 akiwa na miaka 35, akaenda kukaa kwenye kanisa la San Girolamo della Carità. Pale alianza kukusanya vijana mchana, saa ambayo vijana wa Roma hawakuwa na kazi na walitafuta mahali pa kupotea. Kwanza walikuwa wachache, wakatosha katika chumba chake. Kisha chumba kikawa kidogo, wakahamia juu ya kanisa, katika nafasi iliyotengenezwa iwe mahali pa sala. Mahali pa namna hii paliitwa oratorio. Tukumbuke neno hili, kwani litatembea duniani kote.

Walifanya nini mle? Walisoma kitabu, mmoja akasema kwa maneno mepesi yale yaliyomgusa, mwingine akamjibu, mara nyingi mlei. Kijana mmoja, Cesare Baronio, alipenda kuhubiri juu ya kifo na moto wa jehanamu mpaka watu wakaogopa. Filipo akamwamuru aache hayo, aeleze historia ya Eklezia tangu mwanzo. Alipomaliza, akamwamuru aanze tena. Na tena. Kutoka kwa kazi ile ilitoka Annales Ecclesiastici, ambayo kitabu chake cha kwanza kilipigwa chapa mwaka wa 1588, na Baronio akawa Kadinali. Waseminari wanaolalamika kurudia somo moja mara mbili wamfikirie Baronio.

Na mwisho waliimba. Waliimba kwa Kiitalia, si kwa Kilatini tu, nyimbo fupi za sifa zinazoitwa laude, ambazo Filipo alizijua tangu utoto wake huko Firenze. Hakuwaachia wasiojua kazi: aliwaita waimbaji wakubwa. Giovanni Animuccia, mkubwa wa musiki katika kanisa la Mtakatifu Petro, aliwatungia laude, na vitabu vyake viwili vilitoka mwaka wa 1563 na wa 1570. Mtu wa njiani, mfua viatu ao mtumishi wa Kadinali, aliingia bure akasikia musiki ambayo wakubwa waliilipia dhahabu.

Karnavali ilipofika, Filipo hakusimama katika Corso kuwalaani watu. Aliwatoa mjini. Alifanya safari ya makanisa saba: Mtakatifu Petro, Mtakatifu Paulo nje ya kuta, Mtakatifu Sebastiano, Yoane wa Laterani, Msalaba Mtakatifu, Mtakatifu Lorenzo na Maria Mkubwa. Njia yote inapita kilometa ishirini. Mwanzoni walikuwa marafiki wachache; baadaye walifika elfu na zaidi, matajiri na maskini pamoja. Njiani waliimba, na wapiga vyombo waliwafuata. Saa ya kula waliketi katika bustani ao shamba la mizabibu. Katika miaka ya mwisho mara nyingi ilikuwa bustani ya jamaa ya Mattei. Walipewa mkate, yai, jibini kidogo na divai, mtoto mdogo akawaambia hotuba fupi, musiki ikapigwa, kisha wakainuka kuendelea na njia.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wanaeleza jambo hili vibaya. Wanasema Filipo alipiga vita Karnavali kwa sala. Si kweli kabisa. Alichukua vitu vyote ambavyo watu walivipenda katika Karnavali akavipeleka kwingine: kutembea wengi pamoja, kuimba kwa sauti kubwa, kula nje, kuchanganyika tajiri na maskini. Kitu kimoja tu hakukichukua, ndicho kuchekwa kwa mnyonge. Na mahali pa mnyonge alijiweka yeye mwenyewe. Vitabu vya maisha yake vinasimulia namna alivyonyoa ndevu upande mmoja akatokea mbele ya watu, namna alivyovaa koti la manyoya wakati wa joto kali, namna alivyowatuma wanafunzi wake, wana wa jamaa kubwa, wabebe mbwa mikononi kupita njiani. Watu walicheka sana, na aliyechekwa alikuwa padri mwenyewe. Furaha ile yeye ndiye aliyeilipa.

Wakubwa wengine hawakupendezwa. Wakati wa Papa Paulo IV Kadinali aliyesimamia jimbo la Roma alimwita, akamkemea kama mtu mwenye kiburi anayekusanya makundi, akamkataza kuungamisha siku kumi na tano na kuongoza watu katika safari zake. Filipo alitii. Kadinali yule alikufa muda mfupi baadaye, na katazo likaondolewa. Mwaka wa 1575 Papa Gregori XIII alikubali shirika lake akalipa kanisa la Santa Maria in Vallicella, ambalo lilijengwa upya, na watu wa Roma wakaliita Chiesa Nuova, kanisa jipya. Filipo alikufa tarehe 26 mwezi wa tano 1595. Alitangazwa mtakatifu mwaka wa 1622, siku moja na Inyasi, Fransisko Saveri, Tereza wa Avila na Isidori mkulima wa Madrid. Waroma walisema kwa mzaha kwamba Papa amewatangaza Wahispania wanne na mtakatifu mmoja.

Miaka mitano kisha kufa kwake, katika mwezi wa pili 1600, mwaka wa Yubile, ukumbi wa Vallicella ulionyesha jambo ambalo halijaonekana bado Roma. Emilio de' Cavalieri, mwana wa jamaa bora ya Roma, alitunga Rappresentatione di Anima et di Corpo, yaani mchezo wa Roho na Mwili. Roho na Mwili wanaongea. Ulimwengu na Anasa wanakuja wamevaa vizuri kuwavuta, kisha mavazi yao yanavuliwa na uozo unaonekana. Wote wanaimba maneno yao toka mwanzo mpaka mwisho, kwa mavazi, kwa mwendo, hata kwa kucheza dansi. Ndiyo, ndugu: dansi katika ukumbi wa kanisa, mbele ya makadinali, katika mwaka mtakatifu. Katika mwezi wa kumi wa mwaka ule ule, Firenze ilionyesha Euridice ya Jacopo Peri katika arusi ya Maria de' Medici na mfalme wa Ufaransa. Watu wa musiki wanahesabu michezo hii miwili kati ya ile ya kwanza kabisa ya kuimbwa yote ambayo musiki yake imebaki.

Kutoka hapo jina la chumba cha sala likawa jina la musiki. Leo kila mtu anayesema "oratorio" kwa maana ya hadithi ya Biblia iliyoimbwa, anataja bila kujua chumba cha padri Filipo. Chama cha Msalaba kwenye kanisa la San Marcello kilifanya vile vile kwa Kilatini siku za Ijumaa za Kwarezima. Mfaransa mmoja mpiga vyombo, André Maugars, alisikiliza pale mwaka wa 1639 akaandika kwa mshangao. Huko ziliimbwa kazi za Giacomo Carissimi. Waseminari wamjue mtu huyu, kwa sababu alikuwa wao: tangu mwisho wa 1629 mpaka kifo chake mwaka wa 1674 alikuwa mwalimu wa musiki katika Kolegio ya Wajerumani, seminari iliyotunzwa na Wayezuiti. Alitafutwa na wakubwa wa mahali pengine, akabaki na waseminari wake. Jephte yake, hadithi ya yule mwamuzi wa Israeli aliyeweka nadhiri bila kufikiri, na binti yake akalipa, ilisifiwa na padri Athanasius Kircher katika kitabu cha mwaka 1650. Maandiko ya mkono wa Carissimi yalitawanyika na kupotea kisha Wayezuiti kuvunjwa mwaka wa 1773. Tunayo yale tu ambayo wanafunzi na wageni waliyanakili. Mwenye kunakili nyimbo za kwaya kwa mkono asione kazi yake kuwa ndogo.

Sasa nifike kwa yule niliyemtaja mwanzoni. Giulio Rospigliosi alizaliwa Pistoia mwaka wa 1600. Alipokuja kutumika Roma, Papa alikuwa Urbano VIII wa jamaa ya Barberini, na jamaa ile ilipenda teatro sana. Rospigliosi aliwaandikia maneno ya michezo. Uliojulikana zaidi ni Il Sant'Alessio, wenye musiki ya Stefano Landi, ulioonyeshwa katika jumba la Barberini mwaka wa 1632: habari za mwana wa tajiri wa Roma aliyerudi nyumbani kwa baba yake kama maskini asiyejulikana, akalala chini ya ngazi mpaka kufa. Ndani ya mchezo ule kuna watumishi wanaofanya mizaha na kumdhihaki Alesi, na mtazamaji anacheka, kisha anaona haya kwa kucheka, maana anajua maskini yule ni nani. Nadhani mtu aliyeandika vile alikuwa ameanza kufikiri juu ya Corso.

Mwaka wa 1667 Rospigliosi alichaguliwa Papa, akaitwa Klementi IX. Katika Karnavali ya 1668 Roma ilionyesha mchezo wake La comica del cielo, wenye musiki ya Antonio Maria Abbatini, juu ya mwanamke mchezaji wa teatro wa Hispania aliyeacha jukwaa akaenda kukaa peke yake jangwani na Mungu. Na katika Karnavali ile ile, mwezi wa kwanza 1668, Papa Klementi alifuta mbio za Wayahudi. Miaka mia mbili ilikuwa imepita tangu Paulo II. Mapapa wakali, wenye kufunga na kujipiga, walipita wakaziacha. Wengine waliotaka kupunguza anasa za Karnavali hawakuona kwamba uovu wake mkubwa ni ule. Aliyeuona alikuwa mtu wa teatro. Mtu aliyefanya kazi ya kuwachekesha watu alijua vizuri kicheko gani ni cha afya na kicheko gani ni sumu.

Tusimpambe kupita kiasi. Wayahudi walitakiwa kulipa skudi 300 kila mwaka mahali pa mbio, na wakubwa wao waliendelea kupanda Campidoglio mwanzo wa Karnavali kutoa heshima mbele ya watawala wa mji na kusikia maneno ya dharau. Desturi hii nayo ilikomeshwa mwanzoni tu mwa utawala wa Papa Pio IX, aliyechaguliwa mwaka wa 1846. Kuta za ghetto zilianza kuvunjwa mwezi wa nne 1848. Klementi alitenda nusu ya haki, na nusu ya pili ilingoja karibu miaka mia na themanini.

Kisha Klementi kulikuwa na mapigano marefu juu ya teatro zenyewe. Mwaka wa 1671 ilifunguliwa teatro ya Tordinona, mahali palipokuwa gereza kando ya mto Tiber. Malkia Kristina wa Sweden, aliyeacha ufalme wake akaingia Eklezia Katolika na kukaa Roma, aliisaidia sana. Papa Inosenti XI aliibana. Inosenti XII aliivunja mwaka wa 1697. Waroma wakahamia nyumba za matajiri, ambamo polisi hawakuingia, na waliolipa kiingilio kidogo wakabaki bila kitu. Mwaka wa 1733 teatro ilijengwa tena mahali pale pale. Kuvunja kuta hakukuondoa kiu. Kitu kimoja tu kiliweza kunyamazisha Karnavali ya Roma: tetemeko la nchi la mwanzo wa mwaka 1703. Mji ulinusurika, na Papa Klementi XI akaweka miaka mitano bila Karnavali kwa shukrani. Nao watu wakatii.

Lakini kuna watu wengine waliolipa, na juu yao mimi nasikia uchungu zaidi. Tangu siku za Papa Sixto V, mwisho wa karne ya 16, wanawake hawakuruhusiwa kupanda jukwaa katika Roma. Ilidhaniwa kwamba hivi usafi wa mji utalindwa. Mwaka wa 1708, siku ya Pasaka, kijana Mjerumani Georg Friedrich Händel alipiga oratorio yake La Resurrezione katika jumba la mkuu Ruspoli, na mwanamke Margherita Durastanti akaimba sehemu ya Maria Magdalena. Papa alimkemea Ruspoli, na siku iliyofuata sehemu ya Magdalena iliimbwa na towashi.

Towashi yule alitoka wapi? Ili kupata sauti ya juu bila mwanamke, watoto wanaume wenye sauti nzuri, mara nyingi wana wa maskini, walihasiwa mbele ya sauti yao kuvunjika. Sheria ya Eklezia ilikataza kuwakata. Watu walidanganya kwamba mtoto alianguka toka farasi, ao aliumwa na nguruwe. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza, kwani sauti ilikuwa tamu. Waliimba katika teatro. Waliimba hata katika kanisa ndogo ya Sistina. Wachache walipata mali na sifa. Wengi walizeeka bila jina na bila jamaa. Tazameni sheria iliyotaka kuepusha dhambi ya macho, ikapasua miili ya watoto. Wafaransa walipoingia Roma mwaka wa 1798 wanawake walipanda jukwaa. Katika Sistina mambo yalikwenda polepole: Papa Pio X alitoa barua yake juu ya musiki takatifu tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 1903, akataka sauti za juu ziimbwe na watoto kama desturi ya zamani. Wa mwisho wa matowashi wale, Alessandro Moreschi, alikufa Roma mwaka wa 1922. Sauti yake imebaki katika sahani za gramofoni. Mwenye kuisikiliza hawezi kusikia musiki tu.

Karnavali ya Corso yenyewe iliendelea mpaka karne ya 19. Goethe aliitazama mwaka wa 1788 akaandika kitabu kizima juu yake. Jioni ya mwisho kila mtu alibeba mshumaa unaowaka na kujaribu kuzima wa mwenzake. Mtoto alizima wa baba yake, mtumishi alizima wa bwana wake, na hakuna aliyekasirika, mpaka kengele zikaita Majivu. Ulikuwa mchezo mzuri kabisa, nami nasikitika umekufa. Mbio za farasi zilikomeshwa wakati wa serikali ya Italia, iliyotwaa mji mwaka wa 1870, kwa sababu watu walikuwa wakikanyagwa na kufa.

Yaliyobaki ni yale ya Filipo. Mapadri wa Oratorio wanaongoza hata siku zetu safari ya makanisa saba, usiku, na vijana wanaifuata kwa miguu. Karibu na Chiesa Nuova unasimama ukumbi ambao fundi Francesco Borromini alianza kuujenga mwaka wa 1637 kwa ajili ya musiki ya Oratorio. Alitaka uso wa nyumba ile uonekane kama mtu anayefungua mikono kuwakaribisha wote.

Toka pale, ukifuata njia kuelekea Piazza Navona, kwa dakika chache unafika kwenye uwanja mdogo wa Pasquino na kanisa la Kuzaliwa kwa Yezu, ambalo wakatoliki Wakongomani wa Roma wanasalia. Jamaa hii ilipotimiza miaka 25, tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili 2019, Papa Fransisko aliadhimisha pamoja nao Misa ya Majilio ndani ya Mtakatifu Petro, kwa kufuata liturjia ya Kongo iliyokubaliwa mwaka wa 1988. Ngoma ilipigwa, wanawake waliimba, na waliohudumu altareni walicheza.